Yale yale kila siku: Chekhov kati ya Kirusi na Kiingereza

NENO ‘monotony’ la Kiingereza lilizaliwa sikioni. Asili yake ni Kigiriki na maana yake ya awali ni toni moja, yaani sauti isiyopanda wala kushuka. Warusi nao wana ‘odnoobrazie’. ‘Odno’ ni moja, ‘obraz’ ni sura au taswira. Kwa hivyo, tukifuata asili ya maneno, Mwingereza huchoshwa na anachokisikia ilhali Mrusi huchoshwa na anachokiona: uwanda ule ule, theluji ile ile, ua ule ule wa mbao. Sisi hatuna haja ya sikio wala jicho. Tunalitaja neno mara mbili tu, ‘yale yale’, na msikilizaji tayari ameanza kupiga miayo.

Etimolojia ni tamu, ila haimtafsirii mtu kitabu. Mtihani wa kweli unaanza na neno jingine la Kirusi, ‘skuka’, pamoja na watoto wake ‘skuchny’ na ‘skuchno’.

Mwaka 1889 Anton Chekhov alichapisha hadithi ndefu aliyoiita ‘Skuchnaya istoriya’. Msimulizi wake ni Nikolai Stepanovich, profesa mashuhuri wa udaktari, mwenye umri wa miaka 62 na anayejua kwamba siku zake zinahesabika. Usiku halali. Asubuhi mkewe huingia chumbani na mazungumzo huwa yale yale: mwana wao, afisa wa jeshi kule Warsaw, ambaye kila mwezi baada ya tarehe 20 hutumiwa rubli 50, kisha bei ya mkate, kisha bei ya sukari. Binti yao Liza naye huja kumwamkia babake. Alipokuwa mdogo alipenda sana aiskrimu, na mzee alizoea kumbusu vidole kimoja kimoja akivipa majina ya ladha, hiki cha krimu, hiki cha limau. Sasa Liza ni mwanamwali wa kuposwa. Mzee bado huvibusu vidole vile na kutaja ladha zile zile, ila moyoni mwake mna baridi kama ya hiyo aiskrimu yenyewe.

Sijui mwandishi mwingine aliyeonyesha uchovu wa mazoea kwa gharama ndogo namna hii. Maneno hayajabadilika hata herufi. Aliyeyasema ndiye amekauka.

Sasa tazama kichwa cha hadithi kilivyohangaishwa katika Kiingereza. Constance Garnett (1861–1946), mama aliyewafikishia wasomaji wa Kiingereza sehemu kubwa ya fasihi ya Kirusi, aliita ‘A Dreary Story’. Wengine wakasema ‘A Tedious Story’, wengine ‘A Dull Story’, na siku hizi utaikuta pia kama ‘A Boring Story’. Eti yote ni mamoja? La hasha. ‘Boring’ ni lawama dhidi ya hadithi. Ni neno la mwanafunzi aliye kiti cha nyuma, yule anayesema somo ‘linaboo’. ‘Dull’ lina ubutu wa kisu na wa akili. ‘Dreary’ lina kiza na huzuni, na ukilichimba katika Kiingereza cha kale utafika kwenye damu inayochuruzika.

‘Skuchny’ ni pana kuliko yote hayo. Kitenzi ‘skuchat’ kina maana ya kukaa bila la kukushughulisha, lakini pia kina maana ya kumkosa mtu na kuwa na hamu naye. Mama wa Kirusi akimwandikia mwanawe aliye mbali ‘skuchayu’, hamwambii kwamba amechoka naye. Anamwambia nyumba haina ladha bila yeye. Kiingereza kimezitenga maana hizi mbili kabisa: ‘bored’ huku, ‘miss’ kule, na hakuna daraja kati yao.

Daraja hilo ndilo Chekhov alilolihitaji. Mwishoni mwa hadithi Katya, msichana aliyelelewa na profesa baada ya kufiwa na babake, anamfuata mzee katika hoteli mjini Kharkov na kumlilia amwambie afanye nini na maisha yake. Msomi mwenye sifa tele hana jibu. Kumbe ule uchovu wa kila asubuhi ulikuwa pengo tangu mwanzo, kiu ya kitu ambacho mzee mwenyewe hawezi kukitaja! Anayefungua kitabu kilichoandikwa ‘Boring’ hatarajii kabisa kufikishwa hapo. Najua siku hizi si fasheni kumsifu Garnett, lakini kwa kichwa hiki nampa yeye ushindi.

Sarufi nayo ina lake. Mrusi husema ‘mne skuchno’, muundo usio na kiima. Hakuna ‘mimi’ anayetenda wala kitu kinacholaumiwa. Kuna hali tu, na mimi ndiye iliyemwangukia, kama baridi. Kiingereza hakivumilii sentensi isiyo na kiima. Kitasema ‘I am bored’, na hapo papo hapo panazuka swali: nani amekuchosha? Katika hili Kiswahili kiko karibu na Kirusi kuliko tunavyodhani. Sisi husema usingizi umenishika, uvivu umeniingia, hamu imeniisha. Hali ndiyo inayotenda; mtu ni mahali inapotendeka.

Lakini kupotea kukubwa zaidi hakuko kwenye neno moja. Kuko kwenye urudiaji. Vladimir Nabokov, alipokuwa akifundisha ‘Anna Karenina’ nchini Marekani, aliwaonyesha wanafunzi wake kwamba karibu na mwanzo wa riwaya hiyo neno ‘dom’, pamoja na manyambuliko yake, linatokea mara nane katika sentensi sita, mithili ya kengele inayogongwa. Kiingereza hugawanya: mara ‘house’, mara ‘household’, mara ‘home’. Kengele inanyamaza. Kiswahili kingeweza kuigonga bila jasho: nyumba, nyumbani, watu wa nyumbani.

Mtafsiri anayekimbia urudiaji hafanyi hivyo kwa ujinga. Amefunzwa shuleni kwamba kurudia neno ni umaskini wa msamiati, jinsi hasa sisi tunavyowafunza watoto wetu katika insha, tukizungushia kalamu nyekundu kila neno lililotokea mara tatu. Maisha ya mtu yakiwa yanajirudia, mtafsiri akayasimulia kwa visawe vitano, anakuwa amempa mhusika maisha mengine, yenye mambo mapya kila asubuhi.

Wala tusikisingizie Kiingereza. Charles Dickens, katika ‘Hard Times’ ya mwaka 1854, anaueleza mji wa viwanda wa Coketown kwa kulirudia neno ‘same’ hadi msomaji mwenyewe anahisi yumo katika msururu wa wafanyakazi. Lugha inaweza. Tatizo ni adabu ya watafsiri. Na kinaya ni hiki: Joseph Brodsky alilalamika kwamba wasomaji wa Kiingereza hawawatofautishi Tolstoy na Dostoyevsky kwa kuwa wanachokisoma ni sauti ya Garnett. Utoni mmoja ukatoka kwa wahusika, ukawahamia waandishi.

Haya yanatuhusu maana Warusi wengi hutufikia kupitia Kiingereza, na anayetafsiri kutoka huko hupokea chakula kilichokwisha kutafunwa. Lau mtu angeniomba ushauri kuhusu hadithi hii ya Chekhov, ningemwambia aanze na kiambishi ‘hu-’. Kirusi kina kitenzi cha hali isiyotimilika, kinachoacha tendo likiendelea bila kuonyesha mwisho wake, na profesa anasimulia siku zake kwa njeo ya sasa. Kiingereza hakina budi kurudia ‘I’ kila mara. Sisi tuna ‘huamka’, ‘huketi’, ‘hubusu’, vitenzi visivyobeba nafsi. Mwenye kutenda amefutika, mazoea yamebaki. Si lazima kila kitenzi kivae ‘hu-’, la sivyo msomaji atakifunga kitabu, lakini asubuhi ile ya mke, sukari na vidole inaidai.

Kichwa ndicho kigumu. ‘Hadithi ya Kuchosha’ inaangukia shimo lile lile la ‘boring’. ‘Kukinaisha’ kunanivutia, kwani hakinai ila aliyeshiba, na profesa alishiba heshima; lakini aliyekinai hana hamu tena, ilhali mzee huyu bado anayo. Mimi ningeegemea ‘Hadithi ya Ukiwa’. Ukiwa una upweke na pengo, na kazi ya yale yale ningeiachia ‘hu-’ ndani ya matini. Kasoro yake ni kwamba jicho la haraka litalisoma neno hilo kama kitenzi, ‘ukiwa’ kana kwamba sentensi haijaisha.