Sahani ya pamoja na fungu la mtoto

Tunapoandika juu ya mila zetu za chakula, sisi Wanande hatukawii kusifu sahani ya pamoja. Tunakumbusha ekyaghanda, pale wanaume na vijana walikuwa wakikusanyika jioni kuota moto, kusikia habari na kula, obundu ikiwa katikati na kila mkono ukimega. Tunaongeza kwamba mgeni hakulala njaa, na kwamba kijana alijifunzia pale adabu ya kumngoja mkubwa amege kwanza. Hayo yote ni kweli, hatutaki kuyafuta. Lakini sifa hiyo imerudiwa mara nyingi bila mtu kuuliza swali moja dogo: mtoto wa miaka miwili, ku ile sahani, anakula kiasi gani?

Tuhesabu kidogo. Mtoto wa umri huo anahitaji karibu kalori 1,000 kwa siku. Gramu 100 za unga wa muhogo zinaleta karibu 340. Basi ili apate hesabu yake ku bugali peke yake, anahitaji karibu gramu 300 za unga, na ukisha kuzisonga na maji, inakaribia kilo nzima. Tumbo la mtoto wa kilo 12 linabeba kama theluthi moja ya ile kwa mara moja, si zaidi. Nyumba inayopika mara moja kwa siku, jioni, inamwomba jambo ambalo tumbo lake haliwezi. Na hata akiimaliza yote, atakuwa amepata kama gramu 5 za protini, wakati mwili wake unadai zaidi ya 10. Maharagi yangejaza pengo, maana gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya 20. Lakini nani kati yetu hajaona namna mboga inaisha mbele ya bugali? Mikono mikubwa inamega haraka, inachota haraka. Mdogo bado anapuliza tonge lake la kwanza, maharagi na samaki wa Kyavinyonge wamekwisha pita. Anabaki kuchovya obundu ku supu. Mama anamtazama tumbo limejaa, anasema: « Huyu ameshiba muzuri. »

Hapa tunafika ku kwashiorkor, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Bushi wanaita bwaki. Jina lenyewe lilitoka mbali, ku lugha ya Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliliingiza ku vitabu vya uganga mwaka 1935. Wazee wa kule walikuwa wanasema ni ugonjwa wa mtoto aliyesukumwa na mdogo wake: mimba nyingine imekuja, ametolewa ku ziwa. Wataalamu wangali wanabishana juu ya chanzo chake chote, na si protini peke yake. Lakini wale wazee walitazama mahali pazuri. Kwetu, mtoto akitolewa ku ziwa anapelekwa wapi? Anapelekwa moja kwa moja ku sahani ya wakubwa wake.

Watu watatuambia kosa ni la vita. Hatubishi kwamba vita ni sababu kubwa. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni wameuawa, wengine wakiwa mashambani mwao, na jamaa zikakimbilia Butembo, Oicha na kwingine. Chungu cha watu sita kikalisha kumi na tano. Hata hivyo, uchunguzi wa taifa wa 2013-2014, mbele ya mauaji hayo, ulikwisha kuonyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa Kivu ya Kaskazini chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Vita vingine vilikuwa vimetangulia, tunakubali. Lakini hii ni inchi ambayo Lubero inatoa viazi na maharagi hata ya kuuza Goma. Kuna kitu kinapotea kati ya shamba na mdomo wa mtoto.

Na si mtoto peke yake. Mama mwenye kunyonyesha anahitaji karibu kalori 500 zaidi ya kawaida yake, kila siku, katika miezi sita ya kwanza. Kwa desturi, yeye ndiye anakula mwisho, akikwangua chungu. Kipande kizuri cha nyama kimekwisha kwenda kwa baba, ambaye pengine alishinda akikaa ku parsele.

Masomo ya kituo cha afya nayo hayatutoshelezi. Picha ukutani inaonyesha yai, samaki, lenga-lenga, papai, na mama anaimba yote: chakula cha nguvu, cha kujenga mwili, cha kulinda mwili. Anarudi nyumbani, anapika vizuri, halafu anaweka yote katika sahani ileile. Picha haisemi nani anamega kwanza. Tena ni mama peke yake aliitwa ku somo, baba hakuitwa.

Kuna wenye wataona kumtengea mtoto sahani yake ni kumfundisha uchoyo. Tuwakumbushe Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Kumsalimia mtu bila kumpa mkono kulikuwa matusi kwetu, na tuliacha kupana mikono, tukanawa ku kila mlango. Hakuna aliyesema tumeacha kuwa Wanande.

Sisi tunaomba kidogo kuliko hiyo. Sahani ndogo, ijazwe ya kwanza, maharagi yakizidi bugali, na kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese, ambacho peke yake kina karibu kalori 120. Kinachobaki kifunikwe, apewe tena asubuhi, kikisha kupashwa moto vizuri. Na ikae palepale ku mkeka, kando ya ile kubwa, mtoto asipelekwe kula jikoni peke yake.