Masizi ya Kian Un Keng

Nilikuwa nimeshatoa simu mfukoni pale mzee aliyeketi kando ya mlango alipoinua kidole na kunionyesha kibao: kupiga picha ndani ni marufuku. Niliirudisha kwa aibu, kisha kwa hasira kidogo. Nilikuwa nimevuka mto kutoka Bangkok ya kale hadi mtaa wa Kudi Chin, upande wa Thonburi, kwa ajili ya kazi ya darasa: uhakiki wa jengo la kihistoria, wenye picha.

Kian Un Keng ni hekalu la Wachina wa Hokkien, na milango yake inatazama mto Chao Phraya. Asili yake ni enzi za Mfalme Taksin, mtoto wa baba Mchina, aliyeifanya Thonburi makao makuu baada ya Ayutthaya kuanguka mwaka 1767. Mwaka 1782 makao makuu yalihamia ng'ambo ya pili. Mahekalu mawili ya zamani yaliyobaki hapa yalibomolewa wakati wa Rama wa Tatu, likajengwa hili moja, la Guanyin mwenye huruma.

Wanaotangaza utalii huusifu mtaa huu kwa wimbo mmoja: dini tatu, imani nne, majirani wapendanao. Nami nilikuwa nimeshaiita kazi yangu "Maelewano" kabla hata sijafika. Ni kweli kwamba kutoka kanisa la Santa Cruz hadi Wat Kalayanamit ni mwendo mfupi kando ya mto, na hekalu hili liko katikati. Lakini jina Kudi Chin lenyewe maana yake ni makazi ya watawa wa Kichina. Jina ni lao, ila mgeni akishuka mashua huelekezwa kanisani na kwenye keki zenye asili ya Kireno. Waliopewa heshima ya jina wamebaki kituo cha kupitia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikuona mwenyeji huyu anapona vipi.

Ndani, kuta zina michoro ya kisa cha Falme Tatu, ila moshi wa udi umeifunika kwa masizi. Nilisimama mpaka macho yakazoea giza. Nikaona mguu wa farasi, mkono wa joho, na ncha ya kitu nilichodhani ni mkuki. Sikuweza kumtambua shujaa hata mmoja.

Chini zaidi, kwenye ukingo huohuo wa mto, niliwahi kutembelea Lhong 1919, maghala ya mwaka 1850 yenye hekalu la Mazu. Huko michoro ya ukutani iliibuliwa kutoka chini ya tabaka za rangi, na mwaka 2017 pakafunguliwa na maduka na migahawa. Nilipiga picha kadiri nilivyotaka. Leo nikizitazama, naona michoro vizuri, lakini hakuna hata moja yenye mtu anayesali, kwa sababu sikumtafuta.

Rahisi ningesema masizi ya Kian Un Keng yana uzuri wake. Sisemi hivyo. Kusifu uchakavu ni anasa ya anayeondoka na mashua ya jioni. Rangi inapotea, na fundi aliyeichora hawezi kurudi kuichora tena. Ila nikiwa pale aliingia mama mmoja, akawasha vijiti vya udi, akainamisha kichwa kwa muda mrefu. Moshi wake ukapanda ukutani. Michoro ile iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye, na ni wao wanaoifunika kwa masizi. Kumzuia ili mimi nione farasi mzima ni kuligeuza hekalu kuwa jumba la makumbusho. Kumwachia ni kukubali kwamba siku moja hata ule mguu hautaonekana. Bado natamani ikasafishwe, na bado sijui ningemwambia nini yule mama.

Nilifuta kichwa cha "Maelewano". Pale palipotakiwa picha niliandika nilichokiona: mguu, joho, ncha. Mwalimu aliniuliza kama nina uhakika ulikuwa mkuki.

Nilimjibu kwamba sina.