Kesi inahama, sheria inafuata: ni haki ao ni ujanja?

Ndugu wanafunzi, na nyie wenye mulimaliza masomo, wengi wetu tunafikiri kama kuhamisha kesi ni mambo ya safari tu: tribinali iko mbali, mutu anaomba ya karibu. Leo tusome uamuzi moja wa Marekani wenye kuonyesha kama kuna kitu kingine kimejificha ndani.

Mukulima moja wa Pennsylvania alipoteza mukono wake wa kuume mu mashini ya kuvuna ya kampuni John Deere. Sheria ya jimbo lake ilimupa miaka 2 ya kushtaki. Ikapita. Avoka wakaangalia Mississippi: kule kulikuwa miaka 6, na kampuni ilikuwa inafanya biashara kule pia. Wakapeleka kesi mu tribinali ya federali ya Mississippi. Kiisha, wao wenyewe wakaomba kesi ihamishwe Pennsylvania! Walisimamia kifungu 1404(a), chenye kinaruhusu kuhamisha kesi ya madai juu ya urahisi wa wenye kesi na mashahidi, na juu ya faida ya haki. Ombi likakubaliwa.

Sasa ulizo: kule Pennsylvania, juji anahesabu miaka 2 ao 6? Mwaka 1964, mu kesi Van Dusen, Tribinali Kubwa ilikuwa imesema: kama mushtakiwa njo anaomba kuhama, sheria ya kule kesi ilianzia inaifuata. Mwaka 1990, majuji 5 juu ya 4 wakasema: hata mushtaki akiomba, ni vile vile. Miaka 6.

Kennedy, mwenye aliandika uamuzi, nampa haki nusu. Kama mukulima anajua kuhama kutaua kesi yake, atabakia Mississippi, na mashahidi wote watafunga safari ya bure. Ile ni kweli. Lakini Scalia, mwenye alipinga, aliona kidonda: mushtaki anakula sheria ya mbali bila kulipa hata shida ya umbali. Anavuna fasi hakupanda.

Kwangu, kosa ni hili: uamuzi unaongea urahisi, na kumbe hakuna mutu alienda Mississippi juu ya urahisi. Walienda kutafuta miaka. Sitamucheka mukulima, mukono haurudi. Lakini jirani yake mwenye aliumia vile vile, na hakupata avoka mwenye kujua mulango ule, kesi yake ilikufa miaka 2 ilipoisha. Kama miaka 2 ni kidogo, wabunge wa Pennsylvania waongeze kwa wote. Haki ya kupitia dirisha inafaa tu ule mwenye anajua dirisha liko wapi.

Huku kwetu, mutu anaweza kuomba kesi ihame juu ya suspicion légitime, ni kusema ana mashaka na majuji. Kule, kifungu 1404 kinauliza kwanza: mashahidi wako wapi, na nani ataumia na safari? Lakini kesi hii inatufundisha ulizo la tatu, mbele ya kuandika ombi lolote: kesi ikihama, inabeba sheria gani mu mufuko?

Nyie mungekuwa kati ya wale majuji 9, mungekaa upande wa nani?