Kuipima Kazi ya Fundi katika Redio Kongwe ya Valvu

Anayenunua redio ya valvu katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, mfano wa zile zilizokuwa zikisikilizwa barazani Sauti ya Unguja ilipoanza matangazo yake mwaka 1951, aghalabu huvutwa na mng'aro wa sanduku lake, ilhali mng'aro ni kazi ya seremala, na ustadi wa fundi wa umeme haudhihiriki ila kwa kuigeuza redio na kuitazama mgongo, plagi ikiwa imekwisha kuchomolewa. Hata hapo usitie mkono ndani, kwani kapasita kubwa yaweza kuhifadhi mamia ya volti baada ya umeme kukatwa, na fundi mwenye hadhari huutoa umeme huo kwanza kwa rizista mbele ya macho yako.

Tazama viungo. Hewa ya bahari yetu haimstahi fundi mvivu: waya uliosokotwa kwa vidole na kuviringishwa utepe utapitisha umeme leo, lakini baada ya misimu michache ya masika utaota kutu ya kijani, na penye kutu hapo ndipo panapopata moto. Kiungo kilicholehemiwa vyema, risasi yake hutandaa nyembamba hata umbo la waya likaonekana chini yake. Kile kilichovimba kama tone la ubani kimedondoshewa risasi juu ya shaba isiyopata moto wa kutosha.

Kuna wapenzi wa vitu vya kale washikiliao kuwa kila kipande kibaki cha asili, nami siafikiani nao kabisa katika habari ya kapasita za karatasi na nta. Ile ipelekayo sauti kwenye valvu ya mwisho ikivuja kidogo tu, valvu huvuta mkondo kupita kiasi na kuiunguza transfoma ya spika, ambayo huipati tena hata ukilizunguka soko zima la Darajani. Mafundi mabingwa huificha kapasita mpya ndani ya ganda la ile kongwe. Ni madaha, lakini madaha yapendezayo.

Kisha fyuzi. Unguja hupata umeme wake kwa kebo ipitayo chini ya bahari kutoka bara tangu mwaka 1980, na waliokaa gizani umeme huo ulipokatika kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa habari zake. Ila kwa redio, hatari zaidi ni ule umeme urudio kwa kishindo. Ukikuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, toka dukani. Ukikuta kichagua volti kimeachwa kwenye 200, ilhali umeme wetu ni volti 230, uliza fundi alitazama nini.

Redio zisizo na transfoma ya umeme, ambazo chasisi yake imeunganishwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani, zataka uangalifu wa peke yake: kwa kuwa plagi yetu ya pini tatu haigeuki, fundi hana udhuru wa kuipa chasisi waya wa moto.

Mwisho, mtake fundi aiwashe redio kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, kuna shoti. Ikififia, redio na iwashwe kwa umeme kamili muda wa saa nzima. Spika ikivuma chini ya sauti ya mtangazaji, kapasita za kusafisha umeme zimechoka, na gharama yake ikatwe katika bei.