Kichina Kipi? Barua ya Chow Kwai For na Isimu ya Johannesburg

Novemba 1907, mtumishi mmoja wa nyumbani mjini Johannesburg, Mchina aitwaye Chow Kwai For, alijitoa uhai na kuacha barua. Mwaka huo serikali ya Transvaal ilikuwa imepitisha sheria ya kuwalazimisha Waasia kujiandikisha upya na kutoa alama za vidole. Wahindi wakiongozwa na Gandhi, na Wachina wakiongozwa na Leung Quinn, walikuwa wameazimia kutojiandikisha. Chow alijiandikisha. Barua yake, ambayo imetufikia kwa Kiingereza, inaeleza ilivyokuwa: mwajiri alimshauri akajiandikishe, yeye akakataa, kisha akaona kwamba akiendelea kukataa atapoteza kazi. Baadaye rafiki yake alimwonyesha tafsiri ya sheria yenyewe. Hapo ndipo alipofahamu alichokuwa amekikubali, na hakuweza tena kuwatazama wenzake usoni.

Barua hii husomwa kama waraka wa siasa, na si kosa kuisoma hivyo. Imeingia katika historia ya upinzani wa Waasia wa Transvaal, na kaburi la mwandishi wake, katika makaburi ya Braamfontein, ni mojawapo ya alama za historia hiyo. Ni nadra kusomwa kama waraka wa isimu. Hata hivyo maelezo ya Chow yanaanzia kwenye lugha. Kabla hajamtaja mwajiri, kabla hajaitaja sheria, anasema kwamba lahaja yake ilikuwa mbali sana na ya Wachina wenzake, na kwa sababu hiyo hakuchangamana nao ila kwa nadra. Yote yaliyofuata yametoka hapo. Mikutano ya upinzani ilifanyika, habari zikapita dukani na barabarani, lakini zilipita katika lugha ambayo haikuwa yake. Mtu aliyemfikia mwanzo, na kwa lugha aliyoweza kuielewa, alikuwa mwajiri.

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na maneno hayo hukwama kidogo, na chanzo cha kukwama kwake kimo ndani ya Kiswahili chenyewe. Lugha hii humpa msemaji wake kiambishi ki- na kumwacha aamini kwamba jambo limekwisha: Kichina, Kihindi, Kizungu. Mzungu wa Lisbon na wa Stockholm husemwa kwamba wote wanaongea Kizungu, na hakuna anayeshtuka. Katika matumizi ya mitaani neno Kichina limebeba hata mizigo isiyohusu lugha kabisa. Wengi wanakumbuka miaka ambayo "simu ya Kichina" ilimaanisha simu ya bei rahisi isiyotarajiwa kudumu. Kwa hiyo swali ambalo barua ya Chow inalilazimisha, Kichina kipi, si swali ambalo Kiswahili huliuliza kwa hiari yake.

Johannesburg ni mahali pazuri pa kuliuliza, pengine kuliko mahali pengine popote kusini mwa Ikweta. Kati ya 1904 na 1910 migodi ya dhahabu ya Witwatersrand ilileta vibarua Wachina zaidi ya 63,000 kwa mikataba. Wengi wao walitoka mikoa ya kaskazini, hasa Shandong na Zhili, na Kichina chao kilikuwa cha jamii ya Kimandarini. Walifungiwa kambini, wakashuka machimboni, na mikataba ilipokwisha wakarudishwa makwao. Wachina waliobaki mjini walikuwa watu wengine: wafanyabiashara wadogo na wahamiaji huru kutoka kusini mwa China, waliokuja kwa nauli zao na ambao mara nyingi huchanganywa na vibarua wale na watu wasiosoma historia kwa makini. Katika Transvaal wengi wao walikuwa wasemaji wa Kikantoni. Wasemaji wa Kihakka walikuwa wengi zaidi katika miji ya pwani. Baadaye sana, kuanzia miaka ya 1970, walikuja wenye viwanda kutoka Taiwan, na baada yao wahamiaji wa Fujian ambao maduka yao yamejaa barabara ya Derrick, mtaa wa Cyrildene. Kwa hiyo Kichina cha kaskazini, ambacho ndicho mzazi wa Kichina kinachofundishwa leo vyuoni, kiliwahi kusikika Johannesburg kwa wingi zaidi ya karne moja iliyopita, chini ya ardhi, kikaondoka bila kuacha familia.

Isimu ya Kichina inalijua tatizo hili vizuri. Wataalamu kwa desturi huigawa jamii ya lugha za Kichina katika makundi saba: Kimandarini, Wu, Yue (ambamo Kikantoni kimo), Min, Hakka, Xiang na Gan. Msemaji wa kundi moja aghalabu hamwelewi wa kundi jingine wanapozungumza, ingawa wakiwa wamesoma wataandikiana. Neno la Kichina la kuyataja makundi hayo ni fangyan, yaani maneno ya mahali. Kulitafsiri kwa "lahaja" ni kulipunguza. Mwaka 1991 Victor Mair alipendekeza istilahi mpya ya Kiingereza kwa sababu hiyo hiyo. Kiswahili kingeweza kuchangia hapa kwa urahisi. "Lugha ya mahali" si istilahi ya kuchongwa na kamati, ni namna ambayo watu wa Lamu au Pate wangejieleza bila kufundishwa.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Kichina kimoja kilitokana na mikutano. Mwaka 1913 wajumbe wa mikoa walikutana Beijing ili kuamua, neno kwa neno na kwa kupiga kura, matamshi ya lugha ya taifa. Inasimuliwa kwamba mjumbe mmoja wa kaskazini alimsikia mwenzake wa kusini akitaja riksho kwa matamshi ya kwao, akadhani ametukanwa, akamfukuza ukumbini. (Kisa hiki kinastahili tamthilia, na ajabu ni kwamba hakuna mwandishi wa Kiswahili aliyekiazima.) Matamshi ya mseto yaliyopatikana hayakuwa ya mtu yeyote, na mwaka 1932 yaliwekwa kando, yakachukuliwa ya Beijing. Mkutano mwingine wa 1955 ulithibitisha Putonghua kuwa lugha sanifu, na amri ya serikali ya kuieneza ikafuata mwaka 1956.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuambiwa mfano wake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Uamuzi huo ulifanyika Mombasa, dhidi ya Kimvita, nyumbani kwa Kimvita. Miaka zaidi ya arobaini baadaye Abdilatif Abdalla alichapisha Sauti ya Dhiki, 1973, katika Kimvita. Hapana haja ya kudai kwamba usanifishaji ulikuwa uovu. Ulileta vitabu, shule, na wasomaji ambao makala kama hizi zinawategemea. Lakini mkutano wa wataalamu haupokei lugha ikiwa tayari imekamilika. Nao pia huamua ni nani atahesabiwa kuwa msemaji wake.

Kwa sababu hiyo, mkutano wa kimataifa wa isimu ya Kichina unaofanyika Johannesburg hauwezi kuchukuliwa kama tukio la kawaida lililobadilishiwa ukumbi tu. Mikutano ya namna hiyo ina desturi zake: sintaksia ya Kimandarini hupata vikao vingi, ufundishaji wa Kimandarini kwa wageni hupata vingine vingi zaidi, na fangyan hupata alasiri moja. Katika mji wa Chow Kwai For mgawanyo huo ni upungufu wa kitaaluma. Isimu ya Kichina ilianza kinyume chake. Yang Xiong, mwanachuoni wa enzi ya Han, kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, alitumia miaka 27 kukusanya maneno ya mikoa na kuyaweka katika kitabu kiitwacho Fangyan. Hakusafiri. Aliwangoja watu wa mikoani wafike mji mkuu, maofisa na askari, akawauliza kwao wanasemaje, akaandika. Johannesburg imekuwa mji wa namna hiyo kwa Wachina na kwa Waafrika tangu 1886, na bado inamngoja Yang Xiong wake.

Kwa sasa kazi hiyo imefanywa nusunusu na waandishi wasio wanaisimu. Darryl Accone, katika All Under Heaven, 2004, anafuata vizazi vya familia yake kutoka China hadi Afrika Kusini. Ufrieda Ho, katika Paper Sons and Daughters, 2011, anasimulia malezi yake mjini Johannesburg chini ya ubaguzi wa rangi. Vitabu vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo mhakiki analazimika kuvisoma kwa masikio. Accone ana upeo mpana zaidi, lakini mazungumzo ya wazee wake yanapita katika Kiingereza laini mno kiasi kwamba sauti ya Kichina chao hufifia. Ho ana mafanikio makubwa zaidi kwa sababu ameandika kuhusu kazi. Baba yake alikuwa mchezesha fafi, kamari ya namba 36 ambayo Wachina waliiendesha katika vitongoji vya Waafrika kinyume cha sheria, na kazi hiyo ilikuwa, pamoja na mengine, kazi ya lugha.

Katika fafi kila namba ina maana ya ndoto. Mchezaji aliyeota kitu fulani huamka akajua namba ya kuwekea pesa, na anayeendesha mchezo naye huchagua namba kwa kukisia watu wa kitongoji wanaota nini. Hili ni kamusi, na ni kamusi ya lugha mbili iliyotungwa bila mkutano. Katika orodha zinazojulikana sana namba 4 ni maiti. Anayejua Kichina atatabasamu: katika Kikantoni kama katika Kimandarini, "nne" na "kufa" hutofautishwa kwa toni peke yake. Mama wa Soweto aliyeweka senti zake kwenye namba 4 baada ya kuota mazishi hakuhitaji kuijua toni hiyo. Hata hivyo imani inayoizunguka namba hiyo huko China na ndoto yake zilikutana kwenye karatasi moja.

Na toni yenyewe si mgeni Johannesburg. Kizulu, Kisotho na Kitswana ni lugha za toni. Kiswahili ndicho ndugu aliyeipoteza. Mwaka 1976 John Goldsmith aliwasilisha tasnifu iliyobadilisha nadharia ya fonolojia, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka katika toni za lugha za Kiafrika. Miaka minne baadaye, katika chuo hicho hicho, Moira Yip aliitumia nadharia hiyo kuchambua toni za Kichina. Wanaodhani kwamba mwanaisimu Mwafrika katika mkutano wa isimu ya Kichina ni mwanafunzi aliyealikwa kusikiliza wanaisoma historia ya taaluma kuanzia mwisho.

Hali ya madarasani inafuata mkondo mwingine. Kimandarini kiliingizwa katika mtaala wa shule za Afrika Kusini kama somo la hiari kuanzia 2016, chama kikubwa cha walimu kikipinga na kukiita ukoloni mpya. Mwaka 2018 ikatangazwa kwamba Kiswahili nacho kitapewa nafasi hiyo hiyo kuanzia 2020. Makaribisho yalitofautiana, mmoja akishukiwa na mwingine akisifiwa kama ndugu wa bara moja, ila mlango ulikuwa mmoja. Katiba ya 1996 inapoorodhesha lugha za jamii zinazostahili kuheshimiwa, Kigiriki, Kigujarati, Kireno, Kitamili na nyinginezo, haikitaji Kichina cha namna yoyote. Kiswahili nacho hakimo. Vyote viwili vimeingia kama lugha za nje, huku wasemaji wao wakiwa tayari ndani.

Kutoka barabara ya Derrick hadi mtaa wa Yeoville si mbali. Yeoville wanaishi Wakongo wengi, na wale waliotoka mashariki ya nchi yao wanasema Kiswahili chao, ambacho mwalimu aliyeandaliwa kwa vitabu vya Dar es Salaam au Nairobi huenda akakisahihisha kwa wino mwekundu. Mtoto wao akikuta somo la Kiswahili shuleni atakuwa na hali moja na mjukuu wa muuza duka Mkantoni anayekwenda kujifunza Kimandarini katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Johannesburg: atafundishwa lugha inayoitwa yake, kuanzia salamu. Washabiki wa kukieneza Kiswahili barani, ambao hupenda kuhesabu nchi zilizokipokea, hawajakaa na mtoto huyo. Wanaisimu wa Kichina, wakitaka, wanaweza kuwaonyesha yatakayofuata, kwa kuwa wao wana uzoefu wa muda mrefu zaidi: Kikantoni cha nyumba za Johannesburg kinabaki kwenye majina ya vyakula na ya jamaa, na vijana wanaotaka kurudi kwenye asili yao hurudi kwenye lugha ambayo babu zao hawakuisema.

Katika barua ya Chow mna mtu mmoja ambaye hakutajwa jina, yule rafiki aliyemwonyesha tafsiri ya sheria. Leung Quinn tunamjua, Gandhi tunamjua, na waandishi wa sheria majina yao yamo katika kumbukumbu za serikali. Rafiki huyu alijua maneno ya sheria na alijua lahaja ya Chow, na aliweza kukaa naye na kumweleza. Alifika baada ya alama za vidole kukauka.