Kumjua Mpima Kiuno Hodari

Korosho huokotwa chini, na mwokotaji huinama kutwa. Ndiyo maana msimu ukipamba moto, Marambo na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa havikosi watu walioshika kiuno. Wote watasema "mgongo unaniuma". Mpimaji hodari hawaweki wote kapu moja.

Kabla hajamgusa mgonjwa, huuliza: haja ndogo inatoka vizuri? Kuna ganzi makalioni au sehemu za siri? Homa za jioni, kukonda? Kisha hupitisha vidole pingili kwa pingili, akigonga taratibu. Pingili iliyochomoza na inayouma ikigongwa yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Hapo hakuna mazoezi, ni rufaa. Anayeruka hatua hii simpi alama, hata awe na mikono laini vipi.

Ufundi huonekana zaidi kwenye kuinua mguu. Mgonjwa hulala chali. Mpimaji hushika kisigino, akaupandisha mguu ulionyooka polepole, macho usoni pa mgonjwa. Mpimaji mchanga huuliza "unauma?", akijibiwa ndiyo, anaandika mshipa wa fahamu umebanwa. Kumbe msuli wa nyuma ya paja nao huvutika ukauma! Fundi huuliza unauma wapi. Maumivu yakishuka chini ya goti, mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, ndipo mshipa unashukiwa. Akiinua mguu usiouma, ule mbovu ukalalamika, shaka hupungua sana. Kisha humtembeza kwa visigino, humwambia achuchumie, apandishe kidole gumba cha mguu huku yeye akikizuia. Kila upande hulinganishwa na mwenzake.

Wanaobaki, wasio na dalili hizo, ndio wengi, na hapa wapimaji wengi huchoka, wakaandika dawa ya maumivu, basi. Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, alifundisha njia yenye faida zaidi: mgonjwa ainame mara 10, ajipinde nyuma mara 10, au alale kifudifudi ajiinue kwa mikono. Maumivu ya pajani yakirudi kiunoni, hata kiuno kikizidi kidogo kuuma, mwelekeo wa mazoezi umepatikana. Eksirei haionyeshi hilo. Pingili zilizochakaa huonekana hata kwa wasioumwa.

Mwisho, soma kadi yako. "Mguu wa kulia, nyuzi 40, hadi kwenye shavu la mguu" ni maandishi ya mtu atakayekupima tena wiki ijayo na kujua kama umepona au la.