Rosa Mistika: Fimbo ya Zakaria na Marufuku

Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi akiwa ndiyo kwanza amemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haikukaa sana, ikapigwa marufuku mashuleni Tanzania. Eti itawaharibu wanafunzi.

Mimi naona waliopiga marufuku ile waliruka somo kubwa la kitabu. Mtazameni Zakaria, baba yake Rosa. Anagundua barua ya mvulana, anamchapa binti. Hamuulizi kitu, wala hamwelezi kitu. Rosa anawaogopa wanaume, basi. Lakini kuogopa siyo kuelewa. Akishafika chuoni Morogoro, mbali na fimbo ya baba, hana kipimo chake mwenyewe cha kuamua lipi la kukubali na lipi la kukataa. Anapotea, na hatimaye anajiua.

Wizara nayo ikafanya yaleyale ya Zakaria: ikawanyang'anya wasomaji barua, isiwaulize wameelewa nini. Na wasichana walionyimwa ndio haohao ambao riwaya inawaonya juu ya walimu na wakubwa wanaowatumia.

Baadaye ilirudi, ikawa kitabu cha kawaida cha sekondari, Tanzania na Kenya.

Siyo kwamba haina kasoro. Kwangu mimi, msimulizi anahubiri mno pale ambapo matukio yanajitosheleza. Mwingine atanibishia, na abishe. Ila ubishi huu unatutaka tuwe tumeisoma wote wawili. Mwanafunzi wa wakati wa marufuku hakuachiwa hata nafasi ya kuichukia.